Kaburi la Mzee Pascal Uani kwa Sabina

"Bibi Joana, usinichekee! Maiti gani anatoa povu?"

Sabina alikuwa amesimama uani kwake, gauni kalikunja hadi magotini, jembe mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na kaburi la Mzee Pascal lilikuwa limepasuka katikati. Kilichokuwa kinatoka mle sikitaji, maana huenda mnakula.

"Sikucheki, mjukuu wangu," nikamjibu. "Meno yamebaki mawili, mdomo haufungi."

"Ulilia hapa! Siku nilipokuja kuiangalia nyumba ulikaa palepale ukalia, ukamwita marehemu kwa jina!"

Kweli nililia, nikamkiria na sababu yake. Mwenye nyumba wa wakati ule, Americo, alikuwa amenipa kuku, mtetea mnono, akanieleza la kusema. Lakini kuku alinunua machozi tu. Yaliyobaki niliyaongeza mwenyewe: kwamba Mzee Pascal, baba yake Americo, alikuwa akivuka Ruvuma kwa kupanda mamba, na nauli akimlipa kwa ugoro. Mimi hadithi ikinishika sina breki.

Sabina ni mtu wa Songea, karani wa bandarini. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepanga vyumba vya watu hapa Mtwara, kila alfajiri kwenye foleni ya choo na ndoo yake, akisikia kikohozi cha aliyemtangulia. Siku aliyokabidhiwa funguo za nyumba hii hakukagua vyumba. Aliingia chooni, akajifungia, akaimba nyimbo tatu za kanisani mpaka mwisho. Mimi nilimsikia kutoka kwangu, ukuta wetu mmoja.

Na kaburi akalitunza kuliko sisi tulivyotunza ya kwetu. Kila Jumamosi aling'oa majani na kuufuta msalaba. Hata kamba ya nguo aliihamishia upande wa pili, eti si adabu nguo za ndani kupepea juu ya mzee wa watu.

Kumbe chini yake ni shimo la maji taka lililokwisha kubomoka tangu masika ya mwaka juzi. Badala ya kuchimba jingine, Americo alilifunika kwa zege, akalichonga likawa kaburi, akauza nyumba wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu kama mfupa. Karatasi waliyoandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa inasema mnunuzi ameiona nyumba, ameridhika nayo, na kaburi hatalifukua. Nani angeligusa kaburi la mwenziwe?

Kaka yake Sabina, Josephu, alikuwa amekaa kizingitini na kanga ya dada yake puani. Alikuwa ametoka kwa wakili.

"Wakili anasema ulidanganywa, na mkataba wa kudanganywa unavunjika," akasema. "Nenda baraza la ardhi la wilaya. Unaweza kuomba nyumba irudi kwa Americo na wewe urudishiwe chako."

"Arudishiwe nani? Americo kavuka mto kwenda Msumbiji, na nyumba yao kule kijijini Kitaya ina kufuli," Sabina akasema.

"Basi baki na nyumba, umdai fidia ya shimo jipya. Na polisi kwa udanganyifu panaendeka. Lakini kwanza watawapeleka baraza la kata mkapatane."

"Nipatane na nani, kaka? Na povu?"

"Sikiliza, Sabina. Kote huko swali ni moja: nani ataapa kwamba Americo alijua?"

Fundi aliyechonga zege alikuwa mpwa wake Americo, naye kavuka pamoja naye. Macho mengine yaliyoona kazi ile ni haya yangu, tena yalionea dirishani.

"Bibi ataapa," Sabina akasema.

Josephu akaondoa kanga puani. "Huyu? Huyu aliyemwambia mwenyekiti kwamba nyangumi kamwazima sufuria?"

"Sufuria nilirudisha," nikasema.

"Unaona sasa?"

Sabina hakumjali. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, matope yakimtiririka miguuni, akanishika mikono yote miwili. "Bibi, ya kuku yameisha. Sikudai machozi. Niambie ulichokiona, kama utakavyowaambia wao."

Nikajikalisha sawa. "Ilikuwa saa nne asubuhi. Shimo limetumbukia. Americo akasema, fukia, wanunuzi wanakuja. Fundi akakoroga zege. Americo akaleta msalaba wa mbao, akaupigilia. Halafu mamba akatoa kichwa..."

Wallahi sikukusudia. Alitoka mwenyewe.

Josephu akacheka, kicheko cha mtu aliyefiwa. Sabina hakucheka. "Sema tena, bibi. Bila mamba."

"Ilikuwa saa nne. Shimo limetumbukia. Walikuwa wawili."

"Enhe."

"Au watatu."

"Wawili au watatu?"

Nilimtazama uso wake, nikatafuta kichwani kilichokuwepo na nilichokiweka mwenyewe, nikaona vimevaa nguo moja. Miaka themanini nimevichanganya, leo navitenga kwa nini? "Mjukuu wangu," nikaanza, "wale watu walikuwa..."

Hodi haikupigwa. Mlango wa uani ulisukumwa, akaingia bwana afya wa kata, viatu vya mpira hadi magotini, karatasi yenye mhuri mkononi.

"Majirani wamelalamika," akasema. "Mwenye nyumba hii ni nani?"

Sabina akaniachia mikono. Akanyanyua wake mmoja juu taratibu, kama mtoto darasani.