Neno moja lililoniharibia tanuru la kanisa, na kilichonirudisha Makere

Wakuu, heshima kwenu, mlio kazini na mliojipumzisha. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu nimeyabadilisha, kwa sababu baadhi yao wamo humu na wanasoma kimyakimya.

Mimi ni Muha wa Makere, Kasulu. Nilimaliza form four nikaondoka. Nimekaa Kahama, Mpanda, Tunduru, na kwingine ambako sikumaliza hata msimu mmoja. Sasa niko kwenye arobaini na kitu.

Nina ugonjwa mmoja. Nikiwa mbali naota ukungu wa asubuhi wa kwetu na maharage mabichi yanavyonukia jikoni. Nikifika nyumbani, wiki haiishi naanza kukumbuka stendi.

Huko nilikopita nilijifunza kuchoma matofali. Kwa hiyo niliporudi safari hii, kanisa letu likanikabidhi kazi. Lilikuwa la miti na tope, ukuta mmoja umeinama, na waumini walikuwa wamefyatua matofali kiangazi kizima. Akina mama walibeba maji kutoka bondeni, vijana wa kwaya wakakanyaga udongo. Mimi kazi yangu ilikuwa moto.

Kwa wasiojua: matofali mabichi yenyewe ndiyo yanapangwa kuwa tanuru. Chini unaacha midomo ya kuingizia kuni, nje unakandika tope. Unalisha kuni mpaka moto ufike juu kabisa, ndipo unaziba midomo ili joto limalizie. Ukiziba mapema, umeharibu kila kitu.

Nikawasha. Moto ukashika vizuri.

Halafu miguu ikaanza kuwasha.

Niliaga kwamba naenda Kibondo kuulizia bei ya mabati. Hakuna aliyenituma mabati. Nilitaka tu kuona stendi niliyopandia gari nikiwa kijana, na kula kwenye hoteli ya mzee mmoja wa Kiislamu niliyewahi kumwoshea sahani. Tanuru nikamwachia mama Anjelina, mjane ambaye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Nikamwambia, kuni zikiisha unijulishe, nitakuambia lini mzibe.

Nikiwa Kibondo, netiweki inakuja na kukata, ikaingia meseji yake:

"Kuni za mwisho ejo."

Hapa ndipo penyewe, wakuu. Mama Anjelina alikulia karibu na mpaka wa Burundi, na kwa lugha ya huko, kama ilivyo kwenye Kiha chetu, jana ni ejo, na kesho ni ejo. Kinachotofautisha ni kitenzi. Yeye kwenye meseji haweki vitenzi, anaandika kama anayetuma simu ya maandishi ya zamani.

Nilikua nikilisikia neno hilo. Ila miaka yote ya kuzunguka na Kiswahili cha watu wa mikoa mingine imenichubua masikio. Nikasoma: kuni za mwisho ziliingia jana. Nikahesabu kichwani kwamba moto umeshapanda. Nikajibu, "Basi zibeni," nikaagiza chai nyingine.

Yeye alimaanisha kuni za mwisho zinakuja kesho.

Baadaye aliniambia alishangaa, lakini fundi amesema, nani abishe. Wakaziba.

Siku ya kufungua nilikuwepo, watu wamejaa kama harusi. Nikachukua matofali mawili nikayagonganisha. Tofali lililoiva hulia kama kengele ndogo. Haya yalisema pu.

Kijana mmoja wa kwaya akasema, "Fundi, haya si matofali, ni maandazi."

Watu wakacheka kidogo. Nikachukua mengine mawili. Pu. Hapo hakuna aliyecheka tena. Wiki hiyohiyo mvua ikaja, na upande tuliokuwa tumeufungua ukarudi kuwa udongo.

Hakuna aliyenigombeza. Wangenitukana ningejitetea, ningetaja hiyo meseji, tungemaliza. Walininyamazia kwa upole tu, na mchungaji akasema tutaongea Jumapili.

Sikuingoja Jumapili. Nilifunga begi nikashuka Kasulu mjini, nikachukua gesti, kesho yake nipande basi la Mpanda. Nilijua nikiondoka kwa sababu hii sitarudi tena Makere. Kwingine kote nilikoharibu nilikuwa mgeni. Hapa ndipo mama yangu alipozikwa.

Gesti nilipiga magoti. Nimelelewa kanisani, ila njiani nilikuwa mtu wa kusali nikiumwa tu. Sikuomba muujiza wa matofali. Nilisema, Bwana, mimi sijui kukaa. Kama unaweza kumfundisha mtu mzima kukaa, nifundishe. Nikalala. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto, nawaambia ukweli.

Asubuhi nipo stendi na begi miguuni, namwona mama Anjelina anakuja na ndoo ya parachichi kichwani, ilikuwa siku yake ya kuuza mjini. Nikainamia simu. Haikusaidia. Akatua ndoo, akaanza kunipigia makofi ya salamu.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumpigia mkubwa makofi. Yeye ni rika la mama yangu. Nikasimama haraka, nikapiga ya kwangu kwa aibu.

"Mwakeye, fundi."

"Mwakeye, mama."

"Unasafiri?"

"Naenda Mpanda kidogo."

"Kidogo cha miaka mingapi?"

Akaketi kwenye ukingo wa kibaraza, akajipepea na khanga.

"Mwanangu, ile ejo aliiandika nani?"

"Wewe, mama. Lakini mimi ndiye niliyeacha moto."

"Basi tuko wawili. Mbona mimi sijafunga begi?" Akaangalia watu wanavyopakia mizigo juu ya basi. "Jumapili nitakaa benchi langu lilelile, na wale wanawake niliowabebesha maji watakaa nyuma yangu. Ukiondoka, kosa hili nitalibeba peke yangu. Nilimwomba Mungu anipe mtu wa kukaa naye kwenye hilo benchi. Sikujua nitamkuta stendi."

Halafu akanipa parachichi. "Kula. Uso wako umekuwa kama lile tanuru."

Ombi langu na lake yalikuwa yamekutana kwenye kibaraza cha stendi. Basi la Mpanda liliondoka nikiwa namenya parachichi.

Jumapili nilisimama mbele nikasema, niliacha moto, nikaenda kutembea. Mama Anjelina naye akasimama, akasema lake. Mchungaji akahubiri habari za yule mtume aliyemkana Bwana wake akiota moto, na jinsi Bwana alivyokuja kumuuliza upya kando ya moto mwingine, akampa kazi ileile. Hakututaja. Hakuhitaji.

Sasa sikilizeni. Mimi nimechoma matofali miaka mingi, na najua lililoiva nusu halitupwi. Kwenye tanuru linalofuata unalipanga ndani, jirani kabisa na midomo, lipate moto wa kwanza. Nilikuwa nalijua hilo kwa matofali. Kwangu mwenyewe sikuwahi kulifikiria.

Tukafyatua mengine ya kujazia yaliyoyeyuka, yale ya nusu yakaingia ndani. Safari hii niliweka mkeka pale na sikutoka mpaka moto ulipofika juu. Miguu iliwasha, nikaiambia subiri. Siku ya kufungua yule kijana wa maandazi ndiye aliyegonganisha mawili. Yakalia. Mama Anjelina akafunika uso kwa khanga.

Leo kuta zimefika kwenye linta, mabati bado. Mimi bado nipo, na bado nakumbuka stendi, msidhani nimepona. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba Mungu hakunifutia kosa. Alinirudisha palepale nilipolifanyia, akanikalisha na watu niliowaangusha, na hapo ndipo nilipopata nguvu. Kama umeharibu mahali na umeshika begi, sali kwanza, halafu ulitue.

Wiki iliyopita mama Anjelina alinitumia meseji: "Maombi ejo."

Nikamjibu, "Ejo ipi, mama?"

Akaandika: "Iliyobaki."

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Mwenye kisa cha kurudi alikoharibia akiweke hapa, na Waha wenzangu mje mnisute kwa kusahau lugha, nimeshazoea.