Kipipa Nilichokiosha

Mama mkwe wangu, Meeta, alikuwa na maneno machache na kipipa kimoja cha mbao cha kukandia unga wa mkate mweusi. Ndani kilikuwa na ukoko wa miaka. Nilipoolewa Võrumaa, mashambani kusini mwa Estonia, nikitoka mji mkuu, Tallinn, nilikiona nikasema moyoni, huu sasa ni uchafu. Siku moja alipokwenda sokoni nikakisugua kwa maji moto na sabuni hadi kikang'aa. Nilijiona mkwe bora kuliko wote.

Mume wangu, Urmas, aliingia, akakitazama, akakaa chini.

"Maret, umefanya nini? Ule ukoko ndio chachu yenyewe!"

Akanieleza. Mwaka 1949, wanajeshi wa Kisovieti walipokuja kumpeleka Meeta na mama yake uhamishoni, wakawapa saa moja tu ya kufungasha, mama huyo alishonea donge kavu la chachu kwenye pindo la sketi. Huko Siberia likawapa mkate miaka minane. Mama huyo alizikwa hukohuko. Waliorudi nyumbani ni Meeta na lile donge. Nami nilikuwa nimemwaga mama wa watu pamoja na maji machafu.

Meeta aliporudi nilimwambia mwenyewe. Hakufoka. Alipitisha kidole ndani ya kipipa, akakinusa, akaenda kulisha kuku. Afadhali angenipiga.

Nikakimbilia kwa jirani yetu, bibi Alviine, nikalia hadi nikaishiwa. Yeye alicheka akashika mbavu.

"Msichana wa mjini wewe! Kwenu mkate unaota dukani, eeh? Sasa sikia. Chachu yangu iliwahi kuota ukungu, nikamwomba mama mkwe wako. Alinipa kidonge cha kumtosha shomoro, akaniapisha nisimgawie mtu, halafu akanisema wiki nzima. Leo ni siku yangu. Twende!"

Akavuka shamba mbio na miaka yake sabini, kopo la chachu kifuani.

"Meeta! Nasikia hata chachu imekushinda kulea!"

Meeta alifunua kopo, akanusa. Machozi yakamtoka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Ndiyo yenyewe. Asante, shoga yangu. Ningekunyima siku ile, leo ningekuwa sina mama."

Kesho yake, kabla ya kuoka, alitenga madonge tisa ya unga uliochachuka, akanipa kikapu.

"Nyumba tisa, mwanangu. Usiruke mlango."

"Na kiapo, Mama?"

"Kiapo gani? Waambie wagawe."

Tangu hapo hakuwahi kunikumbusha kosa langu, ila sabuni aliificha.

Tulimzika majira ya kuchipua yaliyopita. Nyumba zote tisa zilileta mkate matangani, na ladha ilikuwa moja, ya kipipa chetu. Nilikula kipande cha kila nyumba, nikashukuru kila kimoja, na kila mara nikasema kama tusemavyo mezani kwetu: mkate usiishe.