Dhiki Huleta Sabuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, darasa zima la ubatizo pale Nakuru lilinicheka kwa sababu ya sabuni. Hata mtoto mchanga wa mwenzetu Berita, aliyekuwa ananyonya, aliachia ziwa akageuka kuniangalia. Leo ninyi mliompokea Bwana juzi juzi mnanijia hapa nyumbani, mnakaa kwenye kiti hicho, mnasema, “Nyanya, tangu niokoke mambo yangu yamekuwa mabaya zaidi.” Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi kabla yenu, na aliyenijibu alinijibu vizuri. Basi kaa nikupe yale niliyopewa.

Miaka hiyo ya hamsini, ile ya mwisho mwisho, nilikuwa mke mpya. Jina langu la nyumbani ni Minayo. Mume wangu Andanje alikuwa amenitoa kwetu Maragoli akanileta Nakuru, kwa sababu alifanya kazi reli, pale shedi ambapo magari ya moshi yalikuwa yanaoshwa na kutengenezwa. Tulikaa landi, zile nyumba za mistari za wafanyakazi, chumba kimoja, na mfereji mmoja, yaani bomba la maji, kwa mstari mzima. Mfereji huo ndio uliokuwa shule yangu. Kiswahili nilijifunza hapo, nikifua, kwa Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na Wanandi, kila mmoja na chake. Kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa cha maji na ndoo, cha “sogea” na “hiyo karai ni yangu.” Maneno makubwa ya kanisani sikuwa nayo.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mzee Yoeli, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wengi wetu hatukujua kusoma, kwa hiyo alikuwa anatusomea Neno, sisi tunalishika kwa masikio, na Jumapili inayofuata kila mmoja anasimama kulisema. Jumapili moja alitusomea kwamba dhiki huleta saburi. Sasa wewe niambie, mwanangu, pale mferejini nani aliwahi kusema saburi? Mimi nilisikia neno ninalolijua. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalisema wiki nzima nikifua, na likanipendeza sana, maana niliona lina akili: mtu akiingia kwenye taabu anachafuka, na Mungu anamletea cha kujisafishia.

Nikasimama Jumapili, mikono nyuma, nikasema kwa sauti, “Dhiki huleta sabuni!”

Mwanangu! Kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Elizafani, mcheshi ajabu. Akaruka juu: “Jamani, Mama huyu akipata dhiki atugawie, mimi shati langu moja tu!” Benchi likatetemeka. Mzee Yoeli akawanyamazisha, akaanza kunieleza kwamba ni saburi, ni uvumilivu, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa kicheko. Sikusikia kitu. Nilitoka hapo nimejifunika leso mpaka puani.

Na kama vile dhiki ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri kuitwa, wiki hiyo hiyo mvuke ulimchoma Andanje mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Wakamleta nyumbani mkono umefungwa kitambaa, uso wake umekuwa wa majivu. Ujue kile chumba hakikuwa chetu. Kilikuwa cha kazi. Mkono usipopona, kazi inakwenda, na kazi ikienda chumba kinakwenda nayo.

Habari ilifika Maragoli, na gari la moshi likamleta Senge Kageha. Senge ni shangazi, dada wa baba yake Andanje, ndiye aliyemlea. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alifika, akautazama mkono wa mtoto wake, akanitazama mimi.

“Wewe mke,” akasema, “ni kweli unakwenda kwa hao wa kanisa?”

“Ni kweli, Senge.”

“Ulianza kabla mkono haujaungua, ama baada?”

“Kabla, Senge.”

“Basi umenijibu.”

Akasema wazee waliolala wamekasirika. Akasema mkono utapona tu kuku mweupe akichinjwa na damu ikimwagwa mlangoni, na mimi mwenyewe ndiye nimshike, nikitamka kwamba nimeacha darasa. Nikikataa, yeye atanirudisha kwa baba yangu, kwa gari hilo hilo lililomleta. Alinipa mpaka Jumapili. Na Andanje? Andanje aligeukia ukuta. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamuuliza Mungu, bila adabu, “Dhiki hii hapa imefika. Sabuni iko wapi?” Nilikuwa na huzuni ya mume, na hofu ya Senge, na juu yake aibu ya kile kicheko. Na nikwambie jambo la ajabu: aibu ndiyo iliyonilemea zaidi. Mtu anaweza kubeba gogo kichwani akashindwa na kijiwe kwenye kiatu. Nikasema moyoni, basi, darasa nimeliacha. Watu wenyewe wananicheka, Mungu mwenyewe amenyamaza, kuku nitamshika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mferejini nikifua ovaroli ya Andanje, ile aliyoungua nayo. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta na masizi. Nilikuwa naisugua kwa hasira. Mara nikasikia mtu anavuta karai yangu nyingine, anaigeuza, anaikalia. Kumbe ni Mama Rebeka.

Huyu Mama Rebeka alikuwa Mkikuyu, mama wa kanisa letu, mtu wa makamo wakati huo, ingawa mimi nilimwona mzee. Alikuwa amekaa Dundori kwenye shamba la mzungu, na ile miaka ya hali ya hatari, ya vita vya msituni, ilimpitia, ikamchukulia mume na nyumba. Mambo hayo hakuyasimulia. Ukimuuliza alijibu neno moja tu, “Nilioshwa,” kisha anakuuliza habari za watoto wako. Siku hiyo alikuwa na kikapu cha viazi na kabichi kutoka kwa ndugu zake waliobaki huko juu.

“Minayo, umepotelea wapi?”

“Niko tu, mama.”

“Uko, na Alhamisi kwenye maombi hatukukuona? Ni Elizafani amekufukuza na yale meno yake?”

Nikalia. Nikamwambia yote: mkono, Senge, kuku, Jumapili. Nikamwambia na lile swali nililomuuliza Mungu. Nilidhani atanishika mkono anihurumie. Hakunihurumia. Alichukua ovaroli kutoka kwangu, akaiinua juu ikichuruzika maji machafu.

“Hii nguo, ingekuwa na mdomo, sasa hivi ingekuita nani?”

“Ingeniita adui, mama.”

“Unaipiga kwenye jiwe, unaikamua shingo, unaitia maji baridi ya asubuhi. Unaichukia?”

“Hapana. Ni ya mume wangu.”

“Na ile pale?” Akaonyesha tambara la mtu lililokuwa limetupwa kando ya mtaro.

“Ile sijui ni ya nani.”

“Ndiyo maana umeiacha na uchafu wake.” Akanirudishia ovaroli. “Mtu hufua iliyo yake, Minayo. Mimi sisemi Mungu ndiye alimchoma Andanje. Mvuke ndio ulimchoma, usimsingizie Mungu. Lakini nguo ikishaanguka kwenye matope, mwenyewe ndiye huinama kuiokota. Wewe umeona maji yamekuwa meusi ukasema, ‘Ninaharibika.’ Mtoto, maji yakiwa meusi ujue uchafu unatoka.”

Nikarudi kusugua kola. Akaangalia kipande cha sabuni kilichokuwa juu ya jiwe.

“Na wale waliokucheka, hata wao hiyo saburi hawaijui. Unataka kuijua? Tangu nimekaa hapa unasugua kola hiyo. Imekuwa nyeupe?”

“Bado.”

“Umeacha?”

“Sijaacha.”

“Basi hiyo ndiyo saburi. Si kukaa umekunja mikono ukiangalia juu. Ni kuendelea na kola kabla hujaona weupe. Hata hiyo sabuni yako, ukiiacha juu ya jiwe, itakauka tu na nguo itabaki vile vile.”

Nikamuuliza, “Sasa Senge nitamwambia nini? Nimwambie ni mpagani?”

Lo, hapo alinikemea kwelikweli. “Wewe! Imani ya juzi isikufanye upige kelele kama sufuria mpya. Tangu Senge afike umemchemshia maji ya kuoga?”

Nikaangalia chini.

“Mama ametoka safari ya gari la moshi, mifupa inamuuma, mtoto wake ameungua, na wewe mwenye Yesu umemwachia maji baridi. Nenda ukachemshe maji. Kisha mwambie ukweli, pole pole, ukimwangalia usoni. Na viazi hivi mpikie.”

Akaondoka. Hata hakuniombea pale. Alisema angeniombea njiani, akitembea.

Nilichemsha maji. Nikampelekea Senge, nikamsugua mgongo mwenyewe, na nilipogusa bega lake nilihisi limekauka kama kuni, nikajua kwamba mwanamke huyu mkali alikuwa anaogopa. Alikuwa amemlea mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ameungua. Nikampondea viazi na kabichi, nikamwekea mbele yake na mbele ya Andanje. Walipokwisha kula nikapiga magoti.

“Senge, kazi yote ya nyumba hii nitafanya, na wewe nitakutunza kama mama yangu. Kuku nitakupikia ule ushibe. Lakini kumwaga damu yake mlangoni sitaweza, kwa sababu mlango huu nimeshaukabidhi kwa mwingine. Na kesho nitakwenda darasani. Ukisema nirudi kwa baba, nitafunga mzigo wangu ukiniona. Sitatoroka, wala sitakutukana.”

Senge aligeuka kwa Andanje. “Umesikia mke wako?”

Moyo wangu, mwanangu, ulikuwa unapiga kama gari la moshi linalopanda mlima. Andanje alikaa, akautazama mkono wake uliofungwa. Halafu akauliza, “Senge, mkono huu nani ananifunga kila asubuhi?”

“Si ni huyu.”

“Na usiku nikishindwa kulala, nani anakaa?”

“Si ni huyu huyu.”

“Basi nikimfukuza, hiyo itakuwa shukrani gani?”

Senge akavuta pumzi ndefu, akashika sahani yake, akaifuta kwa kidole. “Aende,” akasema. “Lakini huyo kuku nimeshaahidiwa. Ni wa mchuzi au wa kukaanga?”

Tulicheka, hata Andanje, na alikuwa hajacheka tangu aungue. Senge alikaa nasi mpaka mkono ukapona. Haukupona kama zamani. Vidole viwili vilibaki vimejikunja. Lakini watu wa reli hawakumfukuza. Walimpa bendera, akawa anaongoza mabehewa yakipangwa, na chumba kikabaki chetu. Senge alipopanda gari kurudi Maragoli, alikataa zawadi zote nilizomwekea. Akaomba kipande cha ile sabuni yangu, akakifunga kwenye pindo la nguo yake.

Siku ya kuulizwa maswali ya ubatizo ilipofika, Mzee Yoeli aliniita mbele. Elizafani alikuwa ameshajiziba mdomo. “Minayo, dhiki huleta nini?”

Nikasema, “Huleta saburi, mzee.” Kisha nikaongeza, “Na sabuni pia. Nimeiona.” Mzee Yoeli alicheka mpaka miwani ikakatika uzi, na nikabatizwa Jumapili iliyofuata. Nilipewa jina Jerida, lakini nani aliwahi kuniita Jerida? Elizafani aliniita Mama Sabuni, mtaa ukadaka, na mpaka leo vitukuu wananiita Nyanya Sabuni. Simwonei Elizafani kinyongo. Alikuja kuwa shemasi mzuri.

Sitakudanganya kwamba yote yalitengenea siku ile. Andanje hakuingia kanisani mwaka huo, wala uliofuata. Aliingia akiwa na mvi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mimi nilikuwa kamba, naye alikuwa jiwe gumu, Mungu amrehemu, lakini nilimpenda.

Basi, mwanangu, wewe uliyeokoka juzi, sikiliza. Taabu ikija usikimbilie kusema Mungu amekuacha, na usikimbilie kusema yeye ndiye aliyeituma. Sema, “Mimi ni nguo ya mtu,” kisha uendelee na kola yako. Omba hata kama ni njiani. Usiache kukusanyika na wenzako kwa sababu ya kicheko. Kijiwe kitoe kwenye kiatu, usiitupe safari. Na yule anayekupinga nyumbani, kabla hujamhubiria, mchemshie maji. Ukigusa bega lake utajua anaogopa nini. Neno usilolijua, uliza, usione haya. Lakini lile dogo unalolijua lishike kwa mikono miwili, litakupeleka.

Nenda sasa, jua lisikuchwee njiani. Bwana mwenye nguo akufue bila kukurarua. Akukamue bila kukuacha mtupu. Akuanike mahali penye upepo mwema, na siku atakapokuvaa, watu waone rangi yako ya kweli, waulize umefuliwa na nani.