Kiangazi Ambacho Luc Aliuza Ng'ombe

Mlango wa gari ulipofunguliwa, Ufaransa ilinipokea kwa harufu ya samadi mbichi, maziwa na majani yaliyokatwa asubuhi ile. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitegemea manukato. Badala yake nilisimama katikati ya ua wa mawe, begi mkononi, nikalia kama mtoto, maana pale palinukia kama nyumbani kwetu Mwandoya, na nyumbani kwetu palikuwa mbali mno. Mtawa aliyetufundisha Kifaransa shuleni Bariadi ndiye aliyenitafutia nafasi ya kukaa na familia kule na kusoma lugha wakati wa likizo. Mama aliniruhusu ingawa ulikuwa msimu wa kuchuma pamba na alihitaji mikono yangu. Baba alinisindikiza hadi kituo cha basi, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Ukifika, wasalimie wenye mji."

Wenye mji walikuwa Luc na mkewe Hélène. Luc alikuwa na miaka sitini na kitu, mtu wa viganja vipana na maneno machache, anayetembea ameinama upande mmoja kwa sababu ya kiuno kibovu. Hélène ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Binti yao wa pekee alikuwa anauza dawa katika jiji la mbali na hakutaka kusikia habari za mifugo. Asubuhi Hélène alinipeleka darasani kwa gari, mchana nikirudi nilimfuata Luc bandani. Kifaransa changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini kumsogeza ng'ombe kwa kumgusa ubavuni hakuhitaji sarufi. Hélène aliniuliza kwetu mama anaitwaje. Nikamwambia "mayu", na tangu siku hiyo hakutaka nimwite jina lingine, naye akawa ananiita mimi vivyo hivyo, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao. Luc alijifunza "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, akawa anaisema mchana na jioni pia, hata kwa ng'ombe. Sikumsahihisha. Siku moja aliniuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi. Nilijibu, "Wapo." Alicheka akidhani nimesahau namba za Kifaransa, nami sikuwa na maneno ya kumweleza kwamba kwetu idadi ya ng'ombe haitajwi hovyo.

Nilipata habari mezani, siku ya Jumapili. Hélène aliweka uma chini akasema polepole ili nielewe: kabla sijaondoka, ng'ombe wote watauzwa. Kiuno cha Luc kilikuwa kimeshindwa na hapakuwa na wa kumrithi. Luc aliendelea kukata mkate. Jioni ile nilimpigia baba simu.

"Anauza wote?" baba akauliza.

"Wote."

"Hata mtamba mmoja habakishi?"

"Hata mmoja, baba."

Kisha akauliza kama Luc ana ndugu karibu, na niliposema sijaona ndugu, akasema, "Basi siku hiyo usiende shule. Kaa naye. Usimwambie kitu, kaa tu."

Malori yalifika asubuhi yenye ukungu. Wanaume waliokuja nayo walikuwa wapole na wenye haraka. Ng'ombe walipanda mmoja mmoja, kwato zikigonga bati, na Luc alisimama pembeni akitaja jina la kila mmoja kwa sauti ya chini. Ng'ombe mzee aitwaye Rosette aligoma mlangoni. Mwanamume mmoja akainua fimbo, Luc akamshika mkono, akaweka kiganja chake juu ya pua ya Rosette, wakapanda lorini pamoja. Alikaa humo ndani muda mrefu. Aliposhuka, hakugeuka kutazama malori yakiondoka. Hélène alikuwa jikoni, amewasha redio kwa sauti kubwa.

Saa ya kukamua ilipofika, Luc alivaa mabuti yake akaenda bandani. Nilimfuata. Alisimama mbele ya mashine, akanyoosha mkono kwenye swichi, akaushusha. Tukakaa kwenye kizingiti. Kwetu, mtu akipatwa na msiba wa namna ile, ua wake hujaa watu: wanaume huleta vigoda, wanawake hupika uji, na hakuna anayeuliza lolote. Pale majirani walipita barabarani kwa magari, mmoja akapiga honi ya salamu. Hélène alituletea kahawa, akaketi upande wa pili wa mumewe. Baadaye Luc alianza kulia bila sauti, machozi yakipita kwenye ndevu, nami nikaangalia chini, kwa sababu sikuwahi kumwona mwanamume wa umri wa baba yangu akilia na sikujua macho yaende wapi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na Kifaransa kizuri. Luc alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Hélène aliponipigia alisema ni moyo. Nilimfikishia baba taarifa hiyo. Alivua kofia, akasema, "Nilijua," kisha akaenda kufungulia ng'ombe.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Bariadi, na wanangu wanajua maziwa ya paketi tu. Ukame wa miaka miwili mfululizo ulimaliza ng'ombe wa baba. Walianguka wakielekea maji, na majirani wakaja wakakaa naye siku nyingi. Yeye yuko hai bado, amekonda, anafuga mbuzi. Mwezi uliopita Hélène alinipigia simu ya video kutoka nyumba ya wazee anakoishi sasa. Binti yake aliuza lile shamba, na banda limekuwa nyumba ya kulala watalii. Alinionyesha picha: mapazia meupe, maua dirishani. Nilimwambia ni pazuri, na kweli ni pazuri.

"Kwenu mnafanya nini na zizi, ng'ombe wakishaisha?" akaniuliza.

Nilimweleza kwamba baba alilima palepale. Mahindi ya zizini huota marefu kuliko mtu, kwa samadi ya miaka yote ile, na mwaka huo ndiyo tuliyokula.

"Kwetu walimwaga zege bandani, mayu," Hélène akasema.