Mstari Mwekundu wa Getini

Enzi zetu, sisi watoto wa wafanyabiashara wa Kitanzania tuliokulia Guangzhou, utoto ulikuwa na kipimo. Stesheni ya treni ya mtaani kwetu ilisimama juu ya nguzo, pembezoni kabisa mwa mji, na chini yake bado kulikuwa na migomba na miwa. Ukutani, pale getini, palichorwa mstari mwekundu. Mtoto aliyekuwa chini ya mstari alipita bure. Aliyeuvuka alikatiwa tiketi, kile kidude cha plastiki cha mviringo.

Wachina walitaka nauli tu. Mama zetu waliongeza sheria yao: ukiuvuka mstari, umekua, unarudishwa nyumbani kwa bibi ukasome shule na chuo, ujue na kuamkia watu. Niliwaona wenzangu wakiondoka mmoja mmoja na mabegi mapya. Basi mstari ule niliuogopa kuliko sindano. Mdogo wangu Sudi, mjinga wa watu, alichuchumia ili aonekane mkubwa. Mimi nilikunja magoti ndani ya gauni.

Jumamosi tulikwenda na Mama hadi soko la Shahe kununua nguo za jumla. Raha iliyoje! Nje ya stesheni palikuwa na muuza viazi vitamu vya kuchoma, na Mama alinunua kimoja tukakimega watatu, mikono ikanuka moshi mpaka sokoni. Ndani ya treni tulibandika pua kwenye kioo kutazama winchi za ujenzi, maana kila wiki ghorofa jipya lilikuwa limemeza shamba. Watoto wa siku hizi unawapandisha treni, wanashuka hawajui hata kama wamevuka mto. Macho kwenye simu, shingo zimepinda kama kuku wa mdondo.

Sokoni mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Mama.

"Mwambie laoban apunguze," aliniagiza, nami nikamkazania yule bosi, "Laoban, pianyi yidian!" Akijibu "Bu xing," yaani haiwezekani, Mama alifyonya, tukaondoka kwa maringo mpaka tuitwe.

Mlinzi wa getini alikuwa mwanamke mnene mwenye kucheka, tukimwita Ayi, shangazi. Kawaida yake ilikuwa kutuweka kiganja utosini na kukisogeza hadi ukutani. Zamani Mama alinisuka mabutu yaliyosimama wima. Mwaka ule akaanza kunisuka twende kilioni tupu, nywele zimelala chapa, amezikaza mpaka macho yananivutika. Nikilia ananiambia, "Tulia mwanangu, mtaka uzuri sharti adhurike." Nami nikaamini ni uzuri.

Jumamosi moja kiganja cha Ayi kikagonga ukuta juu ya mstari. Nilikuwa nimekunja magoti, lakini wapi! Ayi akanyoosha kidole kwenye dirisha la tiketi. Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakibonyeza chini.

"Bado! Bado hajafika huyu. Ni nywele tu, Ayi, nywele!" alisema kwa Kiswahili, kana kwamba yule mama angemwelewa.

Ayi akanitazama kichwa, nywele zenyewe zimelala kama mkeka. Akacheka, akatupungia mkono tupite. Ndani ya treni Mama alikishika kipande chake cha kiazi mpaka kikapoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye hakutaka niende.

Nilikwenda. Sheria ni sheria. Bibi alinilea vizuri, Mungu amrehemu, lakini sauti ya Mama niliisikia kwa kadi za simu za kukwangua, na kadi ilikatika katikati ya salamu. Leo mtoto anaongea na mama yake kwa video hadi anaaga mwenyewe kwa kuchoka.

Mama amesharudi, anaishi kwangu, na mimi ni mrefu kuliko yeye. Juzi nilipoinama kumwamkia, alinipapasa utosini, halafu akakibonyeza kichwa chini kidogo.

"Bado," akasema.