Nusu Dakika Mbele ya Mama

Kwa siku mbili kazi yangu ilikuwa kuvisha watu miwani. Nimefundisha jiografia hapa Kitale miaka mingi, nimewachorea watoto mito na milima ya nchi ambazo sitafika, lakini sijawahi kufurahia kazi kama ile ya kusimama ndani ya hema jeupe katika uwanja wa maonyesho, nikiwafunga wakulima miwani kubwa nyeusi usoni na kuwaambia wasiogope.

Kampuni moja ya simu ilikuwa imepewa kazi ya kurusha picha za michezo mikubwa ya dunia kwa mtandao wa kizazi kipya. Kule ng'ambo walitundika kamera katika kila kona ya njia ya mbio, na nyingine wakazifunga kwenye pikipiki. Huku kwetu, katika miji michache inakotoka wanariadha, walisimamisha mnara wa muda na hema, watu waje wajionee. Mimi waliniomba kwa sababu mbili. Naweza kueleza jambo mbele ya umati bila kigugumizi, na mdogo wangu alikuwa mmoja wa wanawake waliochaguliwa kukimbia marathon. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Walitaka kamera yao ipate sura ya dada mtu akilia machozi ya furaha. Nilijua hivyo, nikakubali hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa na hamu na ile miwani.

Jumamosi walikimbia wanaume. Nilivaa miwani kabla ya mtu mwingine yeyote, eti nijifunze. Macho yalihama, mwili ukabaki. Miguu yangu ilikuwa kwenye nyasi za Kitale zenye umande, na pua ilinusa mahindi yaliyokuwa yakichomwa nje ya hema, lakini nilikuwa nimesimama katika mji wa mawe, chini ya miti iliyopangwa kwa mstari, na mvua nyepesi ilininyeshea bila kunilowesha. Nilipogeuza kichwa kushoto niliona mto. Nilipotazama nyuma niliwaona wakimbiaji wakija, hawasemi kitu, viatu vikigonga lami kwa mdundo mmoja, wakanikaribia hadi nikasikia pumzi zao. Kisha walipita, na barabara ikabaki tupu, na jani moja likaanguka taratibu mbele yangu. Nilitaka kukaa pale siku nzima.

Wengine walipatwa na yaleyale. Mama mmoja aliyekuwa njiani kutafuta mbolea alivaa miwani, akawaona wakimbiaji, akasogea kando haraka. "Piteni, piteni," aliwaambia. "Poleni na kazi." Mzee aliyemfuata alinyoosha mkono achukue chupa kwenye meza ya maji, akashika hewa, akanyoosha tena. Niliwacheka wote wawili kwa adabu. Zamu yangu iliporudi, mkono wangu nao ulikwenda kwenye chupa.

Fundi wa kampuni, mwanamume wa Nairobi mwenye nyaya shingoni, alikuwa ameweka televisheni ya kawaida pembeni, ya antena, kama tulizo nazo nyumbani. Aliniita.

"Madam, cheki hapa. Kwa miwani wamefika wapi?"

"Wamevuka daraja, wamepinda kulia."

"Na kwa TV?"

Kwenye televisheni daraja lilikuwa bado mbali. Wanaume walewale, kwa mwendo uleule, walikuwa wanalijia daraja ambalo mimi nilishawaona wakilivuka.

"Hiyo ya kawaida inapanda kwa setilaiti, inashuka, inapitia studio, mtangazaji anaongea, ndiyo inakufikia," alisema. "Hii yetu inakuja straight. Hapa mko mbele ya Kenya nzima, karibu nusu dakika."

Ile nusu dakika ilinilevya. Nilikaa kitako mbele ya televisheni, miwani ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso, nikawa nawatabiria watu. Nilisema yule mrefu atatupa kofia, naye akaitupa. Nilisema wa tatu atageuka nyuma, naye akageuka. Watu walinitazama kwa mshangao na mimi nikavimba kichwa. Mwalimu wa jiografia amekuwa nabii, nilimwambia fundi, na nusu ya moyo wangu haikuwa inatania.

Jioni nilimpigia mama. Yeye anakaa kwetu, upande wa Bungoma, njia ya Chwele, peke yake tangu baba atutoke. Kampuni ilikuwa imemwomba aje Kitale wamkalishe kiti cha mbele, akakataa. Nilielewa. Miaka miwili kabla, katika mbio nyingine, mdogo wangu alianguka zikiwa zimebaki kilomita chache, akalala barabarani, akabebwa kwa machela. Mama aliyaona yote kwenye televisheni ya duka katika kituo cha matatu, majirani wakiwa wamemzunguka. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, akaenda nyumbani. Wiki nzima simu yake haikupumzika kwa pole. Kuanzia siku hiyo hakutazama mbio hata moja.

Safari hii mdogo wangu alimwomba mwenyewe. Goti lilikuwa limemweka nje miezi mingi, na alijua hizi ndizo mbio zake za mwisho za ukubwa ule. Kabla ya kusafiri alipita nyumbani, akakaa jikoni na mama, akasema, "Mama, hii moja tu uniangalie." Mama aliahidi. Katika nyumba yetu, ahadi ya mama haijawahi kuwa maneno ya kupitisha wakati, kwa hiyo alikuwa na mzigo mkubwa.

"Hiyo maneno yenu ya kuona mbele ni ukweli?" aliniuliza.

"Ni ukweli, mama. Nimeona na macho yangu."

"Basi wewe utaniangalilia. Akianguka, uniflashie mara moja. Nitazima TV kabla haijafika kwangu. Na simu nitazima, watu wasianze tena pole, pole."

"Na asipoanguka?"

"Si unyamaze. Ukinyamaza nitajua mtoto anakimbia."

Kuflashi ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Ndiyo lugha yetu ya tangu zamani: flashi moja nimefika salama, mbili nipigie. Nililala nikiwa mwepesi. Nilijiona binti wa maana, mwenye mashine ya kumkinga mama yake na uchungu.

Jumapili mama alikwenda ibada ya kwanza, akarudi mapema, akawasha televisheni sebuleni akiwa peke yake. Nami nilivaa miwani saa tatu, mkononi nikiwa na kabambe yangu, ile simu ya vibonyezo, maana kwa miwani huoni mkono wako mwenyewe. Ukiikandamiza namba mbili kwa muda, inampigia mama. Kidole gumba changu kilikaa juu ya namba mbili kwa zaidi ya saa mbili.

Sijui niseme vipi jinsi zile saa zilivyokuwa. Nilikimbia na mdogo wangu bila kupumua. Kamera ya pikipiki ilikuwa mbele yake, kwa hiyo alikuwa ananijia wakati wote na hanifikii. Niliona kovu la kidevuni alilolipata tukichuma mapera utotoni. Niliona anavyouma mdomo wa chini. Mji ulipita pembeni, madirisha, maua, mbwa mweupe mikononi mwa mwanamke, na yeye alibaki palepale, uso wake ukiwa karibu nami kuliko ulivyokuwa kwa miaka kadhaa. Nilisahau hema. Nilisahau pia kwamba kamera ya kampuni ilikuwa inanitazama. Mara moja nilimwita jina lake la nyumbani, kwa sauti ya chini, na ikaonekana kama amesikia.

Walikuwa wamebaki watano mbele. Njia ilipinda karibu na meza ya maji, mawe yakiwa yanateleza kwa mvua, na kisigino cha mwenzake kikamkata mguu. Nilisikia viganja vyake vikipiga barabara. Akalala kifudifudi, nywele zikiwa zimemwagika kwenye maji.

Kidole kilikandamiza. Nilisikia simu ikiita mara moja, nikakata.

Nataka niseme ukweli hapa. Nimewaambia watu kwamba nilimhurumia mama, na siyo. Niliogopa mimi, na kile kibonyezo kilikuwa chini ya kidole, na uoga ukishika mtu anatafuta wa kumgawia. Ningehesabu hadi kumi tu. Hata kumi isingefika.

Kwa sababu aliinuka. Aliweka goti moja, lile goti baya, akasukuma barabara kwa mikono, akasimama. Alitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kisha alikimbia. Kwa hatua za kwanza alichechemea, halafu mwili ukakumbuka, na akaanza kuwafuata wale wanne waliokuwa wamekwenda.

Nilikandamiza namba mbili tena, safari hii niseme naye. Sauti ya mwanamke ikaniambia mteja hapatikani kwa sasa. Nilijaribu tena na tena, nikiwa ndani ya ule mji wa mawe, mdogo wangu akinijia usoni damu ikimtoka mkononi, akimpita mmoja, akimpita wa pili. Sauti ileile, adabu ileile. Watu wa hema walikuwa wanapiga makofi na mimi nilikuwa nasema, "Washa, mama, washa," kwa simu iliyokatika.

Alimaliza wa tatu. Nilipoivua miwani, televisheni ya pembeni ilikuwa bado inamwonyesha akija kwenye mstari, na nikamwona akimaliza mara ya pili. Nililia kwa kwikwi. Kampuni ilifurahi sana na machozi yangu, na nasikia yalionyeshwa mahali pengi.

Mchana huo nilikuwa nyumbani. Ua ulijaa watu, masufuria yalikuwa motoni, wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba. Mama alikaa kwenye kiti chake, akiwa na kitambaa kizuri kichwani, akipokea mikono. Jirani ndiye aliyenieleza kando: alimkuta amejifungia ndani. Kelele za kituoni zilipoanza, mama alidhani watu wanamlilia mtoto wake, akafunga na madirisha. Jirani aligonga mlango hadi akachoka, akaita dirishani kwamba mtoto ameshinda shaba, na bado mama hakufungua mpaka alipomwapia.

Mdogo wangu alipiga simu ya video kwenye simu ya jirani. Watu walisogea karibu. Alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili, anacheka.

"Mama, uliniangalia?"

"Nilikuangalia," alisema mama.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Uliona nikiinuka? Nilikuwa najiambia mama ananiona, mama ananiona. Ndiyo nikainuka."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Niliona, mtoto wangu," alisema. "Uliinuka vizuri."

Sikuwahi kumsikia mama yangu akidanganya kabla ya siku hiyo, na hajadanganya tena. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda jikoni nikashika kisu na kitunguu, nipate sababu ya macho yangu.

Alinifuata wageni walipopungua, jua likiwa limeinama nyuma ya migomba. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua saga, zile mboga chungu za majani, bila haraka. Nilimwomba msamaha. Alisema hakuna kosa, yeye ndiye aliyeniambia nipige. Nilisema ningengoja kidogo. Akasema hata yeye hangengoja.

"Nilizima akiwa anakimbia," alisema. "Anakimbia vizuri kabisa. Hata hakuwa anaonyesha kuchoka. Nikasema, huyu ndiye ako chini saa hii? Nikazima."

Niliitoa simu yangu nyingine, ile kubwa. Kila mtu alikuwa amenitumia kile kipande, cha kuanguka na kuinuka, na nilikuwa nimekiweka tayari. Nilimwekea mbele ya macho. Mama aliisukuma simu kwa nyuma ya kiganja, taratibu, mikono ikiwa na majimaji ya mboga.

"Hiyo tayari najua inaisha aje," alisema. "Nilitaka kuwa hapo wakati yeye mwenyewe hajui."

Nilirudisha simu mfukoni. Aliendelea na mboga zake, jani kwa jani, halafu akasema, wala hakuwa amekasirika:

"Ile siku ya machela, kuanguka kwake niliona yote. Sasa ameinuka, umeona wewe."