Uzito wa Dereva

Mume wangu aliamua kufunga gereji akiwa amelala chini ya gari, kwa hiyo jambo zito kama hilo nililijadili na viatu vyake.

"Gari hili likirudi tena tairi likisugua, nafunga," alisema. "Mikono imekwisha."

Angekuwa mtu mwingine ningesema ni hasira, zitapita. Lakini huyu namjua. Miaka kumi na tisa iliyopita kaka yangu alimtania kwamba hawezi kunywa chai bila sukari. Akalisogeza bakuli la sukari upande wa pili wa meza, na mpaka leo hajaligusa. Hakuna aliyemwomba aendelee.

Mtaani wanamwita Milimita. Hagusi injini wala hapaki rangi. Kazi yake ni miguu ya gari tu, yaani springi, shokapu, rimu na tairi. Wenye magari ya mbio humletea ayashushe na kuyakaza, ili yashike barabara kwenye kona. Amefanya hivyo miaka thelathini, na bila kazi hiyo sijui atakaa wapi ndani ya nyumba yetu bila kunitia wazimu.

Ana utaratibu wake. Huweka mizani nne, moja chini ya kila tairi, halafu kwenye kiti cha dereva hupanga mifuko ya mchanga ya kilo kumikumi mpaka ifikie uzito wa mwenye gari. Huifunga mkanda. Ndipo anapozungusha pete za springi, kidogo kidogo, hadi gari likae sawa likiwa na mtu wake ndani. Anasema gari tupu halimhusu, kwa sababu halijiendeshi.

Uzito wenyewe anaupata kwenye fomu, ambayo mteja huijaza kwa mkono wake. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimpandishe mteja mwenyewe, mambo yaishe. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Mtu mzima hapimwi mbele ya watu kama gunia la viazi," alisema. "Nimemuuliza, amejibu. Inatosha."

Basi akaja hakimu. Ana miaka hamsini na minane, na gari lile la milango miwili alilitamani tangu akiwa chuoni, picha yake ikikaa kwenye droo pamoja na vyeti. Hatimaye alilipata, akataka springi fupi ngumu, rimu pana nyepesi na tairi za ubavu mfupi za kukata kona. Kwenye fomu, penye uzito wa dereva, aliandika kilo themanini. Mume wangu akapanga mifuko minane kitini, na kwa heshima akaipa cheo.

"Mheshimiwa ameketi," alikuwa akisema. "Nipe spana."

Kazi ilipokwisha, mume wangu aliliendesha gari mwenyewe, likatulia kama kabati. Hakimu akaliendesha, na kila kona ya kushoto tairi la mbele kulia likasugua madigadi. Likarudi. Mume wangu akafungua kila kitu, akapima, akafunga, akaliendesha, halikusugua. Hakimu akaliendesha, likasugua. Likarudi mara ya pili, na hapo ndipo nilipoenda kuzungumza na viatu.

Wiki hiyo alipima mlango wa chumba chetu cha kulala. Ulikuwa sawa. Akaupima tena. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Nilikasirika kwa sababu nilijua. Mimi ni nesi, na hakimu huja kliniki kwetu kila mwezi kwa ajili ya presha. Ninayempima ni mimi. Hana kilo themanini. Ana mia moja na kumi na mbili, na hizo ni baada ya kuvua viatu, saa, funguo na miwani. (Nazitaja kwa ruhusa yake. Amesema nisipunguze.) Mume wangu ana kilo sitini na moja pamoja na spana mfukoni.

Utauliza kama huyu fundi hana macho. Anayo, ila yanaanzia kwenye tairi kwenda chini. Muulize kama mteja fulani ana ndevu, atakujibu kwamba tairi zake zinaliwa upande wa ndani. Isitoshe, aliyejaza fomu ni hakimu. Katika hesabu zote za gari lile, hiyo ndiyo namba pekee ambayo mume wangu hakuipima.

Na mimi sikuweza kufungua mdomo. Kilo za mgonjwa ni za faili, na za faili hazitoki. Nimewahi kumpima jirani yetu na nikanyamaza miaka sita. Nilikaa mezani na mume wangu, yeye akijilaumu, mimi nikimenya chungwa.

Alhamisi hakimu alikuja kupimwa. Akiwa gereji huniita shemeji, akiwa kliniki huniita sista.

"Sista," alisema, akiweka miwani kwenye trei, "nakuomba umwambie mzee wako asijisikie vibaya. Umri unatufikia sote."

Nilisoma mizani, nikaandika.

"Mheshimiwa, Jumamosi ni mara ya tatu," nikasema. "Likisugua anafunga gereji, na hatafungua tena. Amekwisha kusema."

"Kwa ajili ya gari langu?"

"Kwa ajili ya mikono yake. Anaamini imekwisha. Amepima kila kitu isipokuwa kile ulichomwandikia."

Hakimu alishuka kwenye mizani. Alivaa saa, akavaa viatu, akasahau miwani ikabidi nimfuate nayo hadi getini.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa juu ya mizani nne, mifuko minane imefungwa mkanda. Mume wangu alikuwa ameshapanga spana zake kwenye sanduku kwa ukubwa, jambo ambalo hufanya wakati wa kuhama tu. Hakimu aliingia, akasalimia, akasimama kando ya mlango wa dereva.

"Fundi, naomba uitoe hii mifuko."

"Ndiyo wewe hiyo, mheshimiwa."

"Itoe."

Ikatolewa. Hakimu akaingia, na kuingia kwenyewe kulikuwa na hatua kadhaa. Gari likainama upande wa kulia. Mume wangu akachuchumaa, akasoma mizani ya mbele, akasoma ya nyuma, akarudi ya mbele. Nilimtazama usoni. Mtu aliyekuwa ameshajizika alikuwa anajumlisha.

Alisimama, akajifuta mikono.

"Mizani yangu ilikuwa na kasoro, mheshimiwa," alisema. "Nimeiona sasa. Kaa hapohapo, usitikisike."

Hakimu alikaa hapohapo saa mbili na nusu, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta, huku pete za springi zikizungushwa chini yake. Kisha akatoka nalo peke yake. Tulimsikia akikata kona ya kushoto pale kwenye ghala la mbao, akarudi akaikata tena, na tena. Hakukuwa na mlio wowote isipokuwa wa injini.

Aliporudi aliomba fomu. Akazikata kilo themanini kwa mstari mmoja, akaandika mia moja na kumi na mbili, akatia saini ndogo pembeni kama wanavyosahihisha kumbukumbu mahakamani.

"Zile themanini zilikuwa za chuoni," alisema.

"Hata gari ni la chuoni," mume wangu akajibu, akaanza kutoa spana kwenye sanduku.

Jioni, mezani, mume wangu alisema bila kuinua macho.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungeniacha nifunge?"

"Ningekuacha," nikasema. "Siku hiyohiyo ningeacha kazi kliniki, halafu ningekwambia."

Akasogeza sahani kando. "Hayo ni maneno tu, mama."

Nikatoa barua ya kuacha kazi kwenye mkoba. Niliiandika Alhamisi, nikaiweka kwenye bahasha. Aliisoma yote, kuanzia anwani.

"Tarehe umekosea," alisema.

Kisha akaikunja mara mbili, akaipigia kucha mikunjo yake, akaichana vipande vinne vilivyolingana.